Sura ya Saba: Mshipi wa Bibi Lorne

Gari la mahabusu lilikuwa liondoke saa saba. Saa nne na robo, Sajini Mapenzi Kahindi alikuwa bado hajakubali kwamba msichana aliyefungiwa ndani ni mwizi.

Ushahidi wote ulikuwa upande wa Inspekta Musyoka, na Musyoka alikuwa ameuatamia kama kuku. Mshipi wa Bi Mwanatabu, mpambaji wa maarusi anayejulikana Likoni nzima, ulipotea Ijumaa iliyopita. Jana Jumanne, kikaratasi kisicho na jina kilipenyezwa chini ya mlango wa kituo: mtafute Kadzo. Musyoka alikwenda Shika Adabu na askari wawili, akaingia chumbani kwa Kadzo, akaukuta mshipi umefungwa kwa leso ndani ya begi, chini ya kitanda. Kadzo alikuwa msaidizi wa Bi Mwanatabu kwa miaka minane. Ufunguo wa kabati alikuwa nao yeye. Jioni ile ile Bi Mwanatabu aliitwa kituoni, akautambua mshipi, akatia sahihi maelezo yake, akaenda zake.

"Naelewa, Sajini," Musyoka alimwambia asubuhi, akikoroga chai. "Ni ndugu yako. Nyote wa kule Kaloleni."

"Mimi ni wa Junda, afande."

"Kule kule."

Mapenzi aliyameza. Mwaka huu alikuwa amezifumbua kesi mbili zilizokuwa zimemlaza Musyoka macho, na mkuu wa kituo alimsifu mbele ya watu, kosa ambalo Musyoka hakumsamehe mpaka leo. Wivu wa ofisini ni mbaya kuliko wa ukewenza. Wake wenza angalau hupeana zamu.

Aliutoa mshipi kwenye bahasha ya vielelezo, akautandaza juu ya gazeti. Koplo Odhiambo, aliyekuwa akiandika daftari la zamu, alinyanyua shingo.

"Hiki ndicho kimeleta kelele yote, madam? Mbona kama kitu cha Halloween?"

"Ni cha mchezo wa kuigiza, kweli," Mapenzi alisema. "Soma maelezo ya mwenyewe."

Maelezo yalikuwa kwenye faili. Mshipi ulishonwa Uingereza, zamani za Malkia Victoria, kwa ajili ya mwigizaji aliyekuwa akitoka jukwaani kama malkia wa mashariki. Ndani yake ulikuwa na utepe wa pamba ulioandikwa kwa wino jina la mwenyewe, Bibi Lorne, na kwamba huvaliwa onyesho la tatu. Mjukuu wa Bibi Lorne alikuja Mombasa na mumewe wakati wa ukoloni, akamwajiri nyanya yake Bi Mwanatabu awe yaya wa watoto. Siku ya kuondoka alimwachia yaya mshipi huo. Tangu hapo umezunguka viuno vya maarusi wa Likoni vizazi viwili, na mama aliyemtoa bintiye bila ya mshipi wa Bi Mwanatabu alihesabiwa kuwa amemtoa uchi.

"Umewahi kuuona kabla ya jana?" Mapenzi aliuliza.

"Mimi niuone wapi? Hizo ni sherehe za akina mama."

"Musyoka je?"

"Pia yeye ni mwanamume, madam."

Mapenzi aliusogeza mshipi karibu na mwanga. Usiku wa kupamba, bibi arusi anapokalishwa mbele ya wanawake wenzake, mwanamume hakanyagi, na simu za wageni hukusanywa mlangoni zikatiwa kwenye beseni. Kwa hiyo hapakuwa na picha hata moja ya mshipi ule duniani, na kituo kizima hakikuwa na mtu aliyejua unavyopaswa kuonekana ila yeye. Miaka miwili iliyopita alialikwa arusi ya Mtongwe. Aliuona. Mawe mekundu na ya kijani yaliwaka chini ya taa hata wanawake wakapiga vigelegele kabla ya kumtazama bibi arusi usoni.

Mawe aliyokuwa akiyatazama sasa hayakuwaka. Mekundu yalikuwa rangi ya maji ya bamia iliyochacha, ya kijani yameingia weusi. Lakini shaba iliyoyashika ilikuwa inameremeta kama imetoka dukani leo.

Aliuinua mshipi. Mwepesi mno. Aliunusa utepe wa ndani, akaunusa tena. Wino wa jina la Bibi Lorne ulikuwa umetawanyika, na kwenye jino moja la shaba palikwama unyuzi mwembamba wa kahawia.

"Njoo unuse, Odhiambo."

Odhiambo alinusa. "Ni kama ile juisi ya pale feri."

"Ukwaju."

Jiwe moja lilikuwa likicheza. Alilisukuma kwa ncha ya kalamu, likatoka. Lilikuwa kioo kitupu, halina rangi ya maana. Nyuma yake, kwenye kitundu chake, palikuwa na kikaratasi cha madini, chembamba kama cha kufungia chokoleti, kimeoza na kuwa cheusi. Ndicho kilichokuwa kikirudisha mwanga. Maji yaliingia, kikaratasi kikafa, na jiwe likafa nacho.

Kwa hiyo mtu aliuchukua mshipi huu akauosha kwa ukwaju, jinsi wanawake wa Pwani wanavyosugua sinia za shaba. Mtu huyo hakujua kwamba ni vioo. Mapenzi alimtuma Odhiambo akampigie simu Najib, muuza vitu vya kale wa Mji wa Kale aliyetajwa kwenye faili kuwa aliwahi kuutaka mshipi mara tatu, kisha yeye mwenyewe akaenda kwa Kadzo.

Kadzo alikuwa amekaa kwenye sakafu, magoti kifuani. Alikuwa na miaka ishirini na sita na vidole virefu vya fundi. Hakuwa amelia, au alikuwa amemaliza.

"Kadzo, mshipi ule husafishwaje?"

Msichana alimtazama kwa hofu mpya, hofu ambayo swali la wizi halikuwa limemtia. "Kwa nini waniuliza hivyo, afande?"

"Nijibu."

"Kwa kitambaa kikavu."

"Kwa nini kikavu?"

Kadzo aliinamisha kichwa magotini.

"Saa saba unapelekwa kortini. Ukiwa na neno la kukutoa, liseme."

"Nililishwa yamini," Kadzo alisema taratibu. "Muulize Mama Mwanatabu mwenyewe. Mimi siwezi."

"Nani mwingine alikuwa na ufunguo wa chumba chako?"

"Hakifungwi. Kitasa kimeharibika tangu mwezi wa tatu."

Alipotoka, Odhiambo alikuwa na jibu. Najib alikuwa Lamu mazikoni tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Shemeji yake na imamu wa msikiti walikuwa tayari kuthibitisha. Njia hiyo ikafa. Mapenzi alipitia picha za chumba cha Kadzo, moja baada ya nyingine, akasimama kwenye ya tano. Kitandani palikuwa na leso mpya ya buluu yenye maua ya mkadi, imekunjwa, doti nzima haijakatwa. Leso iliyofunga mshipi ilikuwa hiyo hiyo, maua hayo hayo, kipande kimoja kilichokatwa kwa mkasi.

"Ni ya huyo huyo msichana," Odhiambo alisema. "Zinafanana."

"Zinafanana kwa sababu ni sare. Arusi ya binti ya Mzee Jafar ni keshokutwa, na kila jamaa na kila msaidizi amepewa doti moja. Leso huuzwa vipande viwili vimeshikana, Odhiambo. Ya Kadzo ingali mbili. Kipande hiki kimoja kimetoka kwa mwingine, na huyo mwingine amebaki na kimoja."

Odhiambo alifunga daftari, akachukua funguo za gari.

*

Bi Mwanatabu aliwapokea ukumbini. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka sitini na mbili, mwenye udi nguoni hata siku za kazi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibuni. Keshokutwa nina arusi, mshipi wangu mutanirudishia lini?"

"Nitakurudishia. Kwanza niambie, mawe yake ni mawe gani?"

"Ni mawe ya thamani. Yuwajua kila mtu."

Mapenzi aliweka kile kioo kilichong'oka juu ya meza. Bi Mwanatabu alikitazama, kisha akatazama mlango kama umefungwa.

"Mficha uchi hazai, Mama," Mapenzi alisema. "Kuna mtu anakwenda jela kwa ajili ya hiki."

Yule mama alishusha pumzi. Habari ilimtoka kidogo kidogo. Mwaka juzi alikuja mzungu mmoja, mama mtu mzima, anayesomea mavazi ya michezo ya zamani. Alivaa miwani ya kukuzia, akaukagua mshipi saa nzima, akasema ni kitu cha nadra, kwamba vingi vya namna hii vilitupwa. Lakini akasema pia kwamba ni vioo vilivyotiwa karatasi ya madini nyuma, ili ving'ae kwa taa za jukwaani, na siku vikiguswa na maji ndio mwisho wake.

"Nami ningewaambia watu nini? Mwanangu, wapambaji wa mji huu wanionea gere mpaka hawalali. Wakisikia Mwanatabu awavisha watoto wa watu vioo, nitacheka na nani? Nalimlisha yamini Kadzo, kwani alikuwapo akileta chai."

"Nani mwingine alijua?"

"Mimi na yeye tu."

"Kwa hivyo jana, ulipoletewa mshipi kituoni ukauona umeoshwa..."

Bi Mwanatabu alikisukuma kile kioo kando, asikitazame tena. Mapenzi alihisi hasira ikimpanda mpaka masikioni, akaiacha ikae hapo, kwani ilikuwa tayari saa tano na nusu.

"Nani aliingia humu Ijumaa?"

"Ah, hapo sasa," Bi Mwanatabu alichangamka. "Muulize dadangu Mastura, nyumba ya tatu. Tangu nyanya aniachie mimi mshipi, mimi mdogo, kifua chake hakijapoa. Miaka kumi na tisa hatusemezani."

"Aliingia humu?"

"Yeye haingii. Mwanawe Zuleikha ndiye huja, hunipangia viti na kubeba mabegi. Ijumaa alikuja kuchukua sare zao, yake na ya mamake."

"Zuleikha umemfundisha kazi?"

"Zuleikha ana haraka. Kadzo ana mkono." Alisema hivyo kwa fahari. Hakusikia alichokisema.

*

Kwa Bi Mastura, ukuta mzima ulikuwa umepangwa sinia za shaba na birika, zote zinameremeta. Mapenzi alijiona usoni kwenye sinia ya katikati, na hakupenda jinsi alivyochoka. Bi Mastura alikuwa mwembamba, mkavu, wa maneno ya kupima. Bintiye Zuleikha, miaka ishirini na minne, aliketi mkekani akichambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Sinia nzuri, Mama. Wazisugua kwa nini?"

"Kwa ukwaju. Nalifundishwa na mamangu, nami nimemfundisha huyu. Lakini hukutoka kituoni kuja kuuliza sinia."

"Nimekuja kwa habari ya mshipi."

"Mshipi wa nyanya," Bi Mastura alirekebisha. "Sijaugusa tangu siku ya matanga yake. Mwambie dadangu kwamba nimesema hivyo, kwani najua ndiye aliyekuonyesha mlango wangu."

"Nataka kuona sare zenu za arusi ya kina Jafar. Zote mbili."

Zuleikha aliinuka kabla mamake hajafungua mdomo. "Nitazileta mimi." Aliingia ndani, akakaa zaidi kuliko inavyohitaji mtu kufungua kabati, akarudi na leso za buluu mkononi, akaziweka mkekani.

Mapenzi alizikunjua. Kipande cha kwanza kimepindwa. Cha pili kimepindwa. Cha tatu kimekatwa kwa mkasi, hakijapindwa. Akangoja cha nne.

"Vitatu," alisema. "Nyinyi ni wawili."

Bi Mastura alivitazama vile vipande. Alikuwa ndiye aliyepinda viwili vyake kwa cherehani yake mwenyewe juzi; hilo lilionekana usoni mwake, kama lilivyoonekana lile lililofuata. Akamtazama bintiye. Zuleikha alikuwa akitazama mchele.

"Ni mimi," Bi Mastura alisema. "Cha nne nalikichukua mimi. Na mshipi nikauchukua mimi."

Odhiambo alianza kuandika. Mapenzi alimwekea mkono kwenye daftari.

"Uliuchukua vipi, Mama?"

"Nalipita mlango wa uani. Ijumaa. Yule msichana alikuwa dukani."

"Halafu?"

"Nikauficha. Jana nikautia begini mwake. Mwanatabu ampenda yule kuliko damu yake, nikataka aone alichokifuga."

Ilikuwa hadithi nzuri, na kisa chake kilikuwa cha kweli. Kasoro ni mwenye kuisimulia. "Na baada ya kuuosha," Mapenzi aliuliza, "uliuanika wapi?"

"Baada ya ku... nani kauosha?" Bi Mastura aligeuka, uso umemshuka. "Umeoshwa?"

"Mama, nyamaza," Zuleikha alisema.

Alikuwa ameacha mchele. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini haikutetemeka, kama mtu aliyekwisha kusema maneno hayo peke yake mara nyingi.

"Nalitaka uwake," alisema. "Si kuiba. Nalitaka siku ya arusi ukitoka kwenye kisanduku, watu waulize, leo mshipi umeshikwa na mkono wa nani, na khalati Mwanatabu ashindwe asijue pa kutazama. Nimesugua sinia tangu nina miaka sita. Najua shaba kuliko yule. Ijumaa kabati lilikuwa wazi walipokuwa wakitoa sare, nikauchukua. Nikaroweka ukwaju, nikausugua, nikausuuza, nikauanika juu ya bati. Niliporudi mawe yamekufa."

"Mbona hukuurudisha na kusema?"

"Nimwambie nani?" Hapo ndipo ilipomtoka, na haikuwa ndogo tena. "Nimwambie khalati? Angesema, mwaona, ndiyo maana nikamfundisha Kadzo. Miaka sita namfuata, afande. Kadzo afundishwa fundo la mshipi, mimi napanga viti. Kadzo apewa ufunguo, mimi nabeba mabegi. Mmijikenda wa watu aitwa mwanangu, na mimi, mtoto wa dadake, niitwa wewe. Siku moja nalimuona ameshika kiuno cha bibi arusi, amepiga magoti, na khalati amemwekea mkono begani. Mimi hajanigusa bega."

Bi Mastura alijifunika uso kwa upande wa buibui. Aliyajua maneno yale, kwani yeye ndiye aliyeyasema kwanza, miaka kumi na tisa iliyopita, juu ya mshipi huo huo. Mchuma janga hula na wa kwao.

"Na kikaratasi cha mlangoni?"

"Mimi."

"Ulijua Kadzo angefungwa."

Zuleikha alifikiri. "Nalijua angeondoka," alisema.

*

Saa saba kasorobo walikuwa kituoni. Gari la mahabusu lilikuwa limewashwa injini, na Musyoka alikuwa uani na faili kwapani. Alisoma ungamo la Zuleikha akiwa amesimama, akalisoma tena, akatafuta kosa la tarehe na hakulipata.

"Ungeniambia kabla ya kutoka, Sajini."

"Ulikuwa unakunywa chai, afande."

Bi Mwanatabu alikuwa amekuja nao. Alipoelezwa kwamba Zuleikha atashitakiwa, alikuja mbio mpaka kwenye meza. "Hapana, hapana. Huyu ni mtoto wetu, hana akili bado. Mimi sina kesi naye, haya tutayamaliza nyumbani. Nipe nitie sahihi."

Mapenzi alimtazama yule mama, ambaye jana kwenye meza hii hii alitia sahihi bila ya kuomba apewe muda. Hakuficha kinyaa chake. "Kesi ya mshipi unaweza kuifuta," alimwambia. "Kumsingizia mtu si kesi yako, ni ya serikali. Keti pale."

Odhiambo alimfungua Kadzo. Alitoka akijikinga macho na mwanga wa mlango, akamwona Zuleikha kwenye benchi, akamwona Bi Mwanatabu, akaelewa kabla ya kuambiwa. Bi Mwanatabu alimfuata mikono mbele.

"Mwanangu. Alhamdulillahi. Twende nyumbani ukaoge, ule. Kesho kutwa ni arusi, na mshipi hautoki, tutabuni kitu kingine, mimi na wewe."

Kadzo hakurudi nyuma, ila mikono yake aliiacha ilipokuwa. "Mimi sikuwaambia kitu, Mama."

"Najua, mwanangu. Mungu akubariki."

"Jana uliletwa kuutambua. Uliyaona mawe?"

Bi Mwanatabu alitazama chini. "Naliyaona."

"Ukajua si mimi."

Musyoka aliinua macho kutoka kwenye faili. Bi Mwanatabu alifungua mdomo akasema ilikuwa jioni, alikuwa amechoka, taa ya kituo ni mbovu, na jinsi alivyozidi kusema ndivyo sauti yake ilivyozidi kupungua, mpaka ikaisha yenyewe.

Kadzo aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama alivyozoea kuitikia maagizo ya kazi. Alichukua kalamu aliyopewa na Odhiambo, akatia sahihi kwamba ameachiliwa, akavuta viatu vyake kutoka chini ya kaunta na kuvivaa.

"Mfundishe Zuleikha," alisema. "Fundo si gumu. Mimi nililijua kwa siku mbili."